Maji Yaliyo Chini ya Ardhi ni ya Nani?

Katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha alikuja kijana mmoja, mtu wa heshima na mwenye kuishika dini yake, akatuuliza swali ambalo tulidhani jawabu lake ni jepesi. Mama yake amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na yeye na ndugu zake wamekusanya fedha ili wamfanyie sadaka yenye kuendelea. Wameazimia kuchimba kisima cha mashine katika kiwanja chao, waweke pampu na tangi la juu, kisha watoe mfereji njiani ili kila apitaye ateke bila ya malipo. Walipokuwa wakijitayarisha, jirani yao, mzee ambaye kisima chake cha kamba kiko upande wa pili wa ukuta, akawaambia: "Wanangu, mukifanya hivyo mutaniua. Tangu pale msikitini kutiwa mashine maji yangu yameingia chumvi. Mukitia na nyinyi, nitakuwa nateka bahari." Kijana akasema: "Sheikh, ardhi ni yetu, fedha ni zetu, na nia ni ya kheri. Je, yule mzee ana haki gani juu yetu?"

Usiku ule hatukumjibu. Tulimwomba angoje, naye akangoja kwa adabu. Na kwa kuwa swali hili si lake peke yake, bali pwani nzima leo watu huchimba, na wengi huchimba kwa jina la sadaka, tumeona tuliandike hapa pamoja na yale tuliyoyapata katika kulifikiri.

Kwanza tuondoe hoja moja iliyotolewa pale pale barazani. Mtu alisema kuwa maji ni rizki, na rizki ya Mwenyezi Mungu haina mwisho. Basi kuogopa kuwa maji yatakwisha ni udhaifu wa imani. Maneno haya yana sura ya uchamungu, lakini ndani yake mna uvivu. Suratul Mulk imekhitimishwa kwa swali juu ya maji kuzama ardhini, na mtu haulizwi hivyo juu ya jambo lisiloweza kuwa. Na asiyetosheka na aende Gedi, karibu na Watamu. Mji ule wa Kiislamu ulikuwa na msikiti mkubwa, majumba ya mawe na visima vingi, na katika karne ya 17 ulihamwa. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, na waliomfuata, wametaja sababu zaidi ya moja, kama vile vita na mashambulio. Na miongoni mwa sababu hizo ni kushuka kwa maji ya visimani. Sisi tulisimama ukingoni mwa kimoja katika visima vile tukainama kutazama. Hatukuona maji.

Sasa tueleze namna maji haya yalivyokaa, kwani wengi wetu twadhani kuwa chini ya kila nyumba pana mtungi wake mbali. Sivyo. Mvua inaponyesha, sehemu yake hukaushwa na jua, sehemu huteremkia baharini, na sehemu hupenya katika mchanga na mawe ya matumbawe mpaka ikakusanyika chini. Mawe ya pwani yetu yana matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake kutoka kiwanja hata kiwanja, hayajui ukuta wala hati ya serikali. Na hapa penye ufuko, na visiwani khasa, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, mfano wa mafuta juu ya maji, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa kiasi kidogo. Mholanzi aitwaye Badon Ghyben, mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani aitwaye Herzberg, mwaka 1901, waliifanya hesabu yake. Kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kadiri ya futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Ndugu msomaji, igeuze hesabu hii uone inavyotisha. Uso wa maji ukishushwa futi 1 kwa kuvutwa, na ukabaki hivyo, bahari hupanda kutoka chini kadiri ya futi 40. Mwenye kuvuta hana khabari. Kisima chake chatoa maji matamu leo na kesho, na huku chini bahari yapanda pole pole. Na siku atakapoonja chumvi katika chai yake, jambo limekwisha kuwa. Tena chumvi iliyoingia haitolewi na mvua ya mwaka mmoja. Na visima vitakavyoharibika si lazima kiwe chake cha kwanza. Huenda kikaanza cha yule mzee.

Watu wa Lamu walijua jambo hili kabla yetu. Maji ya mji wao hutoka katika visima vifupi vya Shela, kwenye vilima vya mchanga. Mchanga ule, ambao mwenye fedha huuona kuwa mahali pazuri pa kujenga nyumba ya kutazamia bahari, ndio unaoimeza mvua na kuihifadhi. Kila jumba linalojengwa juu yake limekalia mdomo wa mtungi wa mji mzima. Sisi wa Mombasa twaletewa maji kutoka mbali: Mzima, yabubujikapo maji ya mvua iliyonyesha milima ya Chyulu, Baricho, kandoni mwa mto Sabaki, na Marere, na Tiwi. Mifereji ikikauka siku nne tano, na hukauka, kila mwenye uwezo hukimbilia kuchimba. Hatumlaumu mwenye kiu. Lakini mbio hizi zimewafanya watu wasiulize.

Turudi kwa haki ya mzee. Hapa yatupasa kusema kweli hata kama yatutia uzito. Kijana yule akitafuta hoja katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi ataipata. Wanachuoni wetu wamesema kuwa kila mwenye milki huitumia milki yake kwa mujibu wa ada, na kwamba mtu akichimba kisima katika ardhi yake, na maji ya kisima cha jirani yakapungua, hazuiwi. Harimu ya kisima, yaani eneo ambalo mwengine haruhusiwi kuchimba, wameizungumza khasa katika ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa upande wa pili, katika madhehebu ya Malik wapo waliomzuia mwenye kuchimba ikiwa atamdhuru jirani yake kisimani. Na hadithi ya kukataza madhara ni mashuhuri, kama ilivyo mashuhuri ile ya kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Lakini twawaomba wasomaji walitazame lile neno ada. Ni ada gani waliyoijua masheikh wale? Ilikuwa ni kamba, na ndoo, na mkono wa mwanaadamu, au ngamia mwenye kuzunguka. Mkono huchoka. Mtu aliyeteka ndoo thelathini akaona mabega yanamuuma, husema basi, yatosha. Na kisima kikalala usiku kucha kikajaa. Mkono ulikuwa ni kadhi. Ulihukumu kila siku juu ya kila kisima, hukumu yake haikuwa na rufani, na tajiri na maskini waliitii sawasawa. Mwanachuoni aliyesema kuwa mwenye kuchimba hazuiwi aliisema kauli hiyo katika mji ambao kadhi huyo yuko kazini. Leo tumemwuzulu. Pampu haina mabega. Huvuta mchana na usiku maadamu kuna stima, na mwenyewe amelala. Basi kazi iliyokuwa ikifanywa na uchovu sharti sasa ifanywe na dhamiri ya mtu, na dhamiri zetu hazikuzoezwa kazi hiyo.

Wazee wa Oman, ambao wengi katika pwani hii ni damu yetu, walilifahamu jambo hili kwa namna nyingine. Falaji zao ni mifereji iliyochimbwa kuyafuata maji ya chini kutoka milimani mpaka mashambani, nayo huyateremsha kwa mwinamo wa ardhi tu. Falaji haiwezi kuchukua zaidi ya kile mlima unachokitoa. Mwaka wa mvua chache hutoa kichache, na kila mtu huona. Maji hugawanywa kwa zamu, na fungu la mtu hupimwa kwa saa, si kwa tamaa yake. Kwani hata yeye akiwa mkubwa wa mji, zamu yake ikisha huziba. Mwaka 2006 falaji tano katika hizo ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na huko huko Oman, katika ufuko wa Batina, ambako watu walitia pampu mashambani, bahari iliingia chini ya mashamba na mitende ikadhoofika. Nchi ni moja, watu ni wamoja, na dini yao ni moja. Lililobadilika ni chombo.

Tena tutazame Saudia. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 serikali yao ilitaka nchi ijilishe ngano yake yenyewe. Nani atakayesema kuwa nia hiyo ni mbaya? Wakachimba visima virefu sana jangwani, wakavuta maji ya kale yaliyokusanyika huko tangu zama ambazo nchi ile ilikuwa na mvua. Na kwa kuwa mvua ya leo haiyarudishi, kila pipa lililotoka limetoka moja kwa moja. Mwaka 1992 mavuno yalifika kadiri ya tani milioni 4, wakawa wanauza nchi za nje. Mwaka 2008 serikali ile ile ilikata shauri kupunguza kidogo kidogo ununuzi wa ngano ya wakulima wake, mpaka ukome mwaka 2016, kwa sababu ya maji. Ngano ikaanza kununuliwa kwa wenye mvua. Twaitaja khabari hii si kwa kuwacheka ndugu zetu, bali kwa sababu inalijibu lile neno la kijana wetu, "nia ni ya kheri". Nia yamtosha mtu katika hesabu yake na Mola wake. Haimtoshi katika hesabu yake na jirani.

Hapo mtatuambia: mbona hamusemi juu ya mahoteli ya ufukoni na mabwawa yao ya kuogelea, na juu ya wenye maboza wanaovuta maji usiku kucha wakayauze? Twasema, na dhambi yao ni kubwa zaidi, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeyaweka maji yote ya nchi katika amana kwa ajili ya wananchi, ikawataka wachimbao wapate ruhusa. Ila wenye mahoteli hawalisomi gazeti letu. Nyinyi mwalisoma.

Na sisi wa misikitini hatuna uso wa kuwanyoshea wengine kidole. Birika ya zamani mtu aliteka kwa kata, akajua ametumia kata ngapi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja. Leo mtu hufungua mfereji mpaka mwisho, akapangusa kichwa, akageuka kumwamkua rafiki yake, na maji yateremka yakienda shimoni. Siku moja tuliweka ndoo chini ya mfereji wa mtu mmoja mwenye elimu, bila ya yeye kujua. Alipokwisha kutawadha ndoo ilikuwa imejaa na kumwagika. Tulipomwonyesha alighadhibika, kisha akacheka, na tangu siku ile hututazama kwanza kabla ya kutia udhu. Na ile mashine ambayo mzee aliilalamikia ndiyo inayoijaza mifereji ya namna hii.

Kijana aliporudi tulimwambia hivi: "Mwanangu, hatukuharamishii. Lakini mama yako alikunywa maji ya kisima cha mzee huyu alipokuwa hana chake, na wewe mwenyewe umetuambia hivyo. Usimpelekee thawabu ambazo gharama yake yalipwa na jirani yake." Tukamshauri fedha zile azitie katika jabia, kama zile za visiwa vya Lamu: birika kubwa la chini lililopakwa saruji vizuri na kufunikwa, lenye kupokea mvua ya mapaa ya nyumba yao na ya chuo kilicho karibu. Mvua ile sasa yateremka njiani ikachukua taka na kwenda nazo baharini. Mfereji wa njiani utabaki pale pale walipoukusudia. Na ikiwa wana ziada, wawape walinzi wa msikiti wanunue mifereji ya kujifunga yenyewe.

Akauliza kama jabia itatosha wakati wa kiangazi, kaskazi inapovuma na hakuna mvua. Tukamwambia kweli: huenda isitoshe kila mwaka, na miezi ya mwisho itabidi watu wapimiwe ndoo kwa ndoo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama inafaa kuandika jina la mama yake juu ya jabia kama ambavyo wangaliandika juu ya kisima. Tukamwambia yafaa. Amekwenda kushauriana na ndugu zake, kwani fedha ni za wote, na mmoja wao amekwisha mlipa mchimbaji arubuni.