Tanuri Lisilojua Dominika

Katika jimbo la Michigan, huko Marekani, iko hifadhi iitwayo Fayette, kando ya Ziwa Michigan. Magenge meupe ya mawe ya chokaa yamesimama wima juu ya ghuba ndogo yenye maji maangavu. Jamaa nyingi huenda huko kupumzika, nazo hufanya vema. Muumba hakuupamba ulimwengu ili tuupite macho chini.

Lakini karibu na magenge hayo pana matanuri ya mawe yaliyopoa zamani. Mwaka 1867 kampuni ya Jackson Iron ilianzisha hapo mji wa kuyeyusha chuma. Misitu ilikatwa ikachomwa makaa, na genge lenyewe likavunjwa, kwani jiwe la chokaa likitiwa tanurini huvuta taka na kuzitenga na chuma. Watu wapatao 500 waliishi hapo, wengi wao wageni waliotoka ng'ambo kutafuta riziki. Sasa tanuri la namna hii halizimwi jioni ili liwashwe asubuhi. Likipoa, chuma huganda ndani yake. Hulishwa usiku na mchana, na Dominika vilevile. Mwenye mali aweza kwenda kusali. Anayelilisha hubaki motoni.

Misitu ikapungua, chuma cha makaa ya miti kikakosa bei, na mwaka 1891 moto ukazimwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum, akiwakumbusha matajiri kwamba mfanyakazi ni mtu mwenye roho, na kwamba siku ya Bwana ni haki yake pia. Kwa watu wa Fayette neno hilo lilikuja kwa kuchelewa. Mahali pao pakawa hifadhi mwaka 1959, na leo pana kimya siku zote.

Tusifanye haraka kuwahukumu wenye tanuri lile. Mara ngapi jamaa ya Kikristo yatoka Misani, yapanda gari kwenda ziwani au ufukoni, watoto wakiimba, na yule binti wa kazi amebaki nyumbani akifua na kupika, akingoja turudi na njaa? Amri ya tatu haikuwataja baba na mama peke yao. Mungu alimtaja mtumishi wa kiume na wa kike, hata mgeni, hata mnyama wa kazi. Wala tusijitetee ati kazi za nyumba hazingoji. Sufuria si tanuri, na chakula kilichopikwa Jumamosi chaliwa Dominika bila aibu. Wazazi wapenzi, mwulizeni binti huyo juma hili angependa kusali Misa ipi, nanyi mpange safari yenu kwa saa hiyo.