Uliza Filamu Kabla ya Kamera

Tumchukue binti mmoja wa Ngamiani, Tanga, mpiga picha wa shughuli. Mashine yake ya kidijitali inampa riziki kwenye harusi na mahafali, lakini ziko sherehe ambazo mashine hiyo haivuki mlango: zile za wanawake peke yao. Huko bibi harusi hupambwa, wageni huvua mabuibui na kucheza wanavyotaka, kwa kuwa wameahidiwa kwamba hakuna picha itakayotoka nje. Simu hukusanywa mlangoni kwenye beseni. Anayepiga picha lazima awe mwanamke, na hata yeye hutazamwa kwa jicho la pembeni, maana nani ajuaye kadi yake ya kumbukumbu italala wapi usiku huo?

Binti akaona nafasi. Kamera ya papo hapo inayotumia filamu hutoa picha moja tu. Haiachi negativu, haiachi faili. Mgeni anapigwa, anakabidhiwa karatasi yake, anaitia mkobani. Hakuna cha kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa shughuli za namna ile, huwezi kupata chombo kinachofaa zaidi.

Wazo lilikuwa zuri na wateja walikuwapo. Mambo yaliharibika kwenye manunuzi.

Alipita kwa muuza mitumba akakuta Polaroid ya zamani, ya jamii ya 600, ile yenye umbo la kisanduku na flashi inayonyanyuka juu ya lenzi. Filamu za 600 zilianza kuuzwa mwaka 1981, na kamera zake zikatengenezwa kwa wingi sana, ndiyo maana mpaka leo zinaokotwa. Ilikuwa nzima, haina ufa, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Akalipa bila kuuliza. Kisha akampigia kaka yake aliyeko Muscat: "Kaka, nitafutie filamu za Polaroid, nimepata kazi." Kaka akaingia dukani akakuta pakiti za aina mbili zinazofanana kama pacha. Moja imeandikwa 600, nyingine i-Type. Ya pili ilikuwa na nafuu kidogo. Kaka mwema yeyote angefanya alivyofanya yeye: alichukua yenye nafuu.

Pakiti zilipofika, binti alichomeka moja. Iliingia bila kushikashika, mlango ukafunga vizuri. Akabonyeza. Kimya. Akafungua, akafunga, akabonyeza tena. Kimya. Siku ya shughuli ilikuwa imebaki wiki moja, na malipo ya awali alikuwa ameshayala.

Akaibeba mpaka kwa mzee mmoja mwenye studio, mtu aliyewapiga wakazi wengi wa mtaa ule picha za pasipoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Imekugomea?"

Mzee hakuichunguza kamera. Aliichomoa pakiti, akaigeuza kichwa chini, akamwonyesha upande wa nyuma. "Pakiti ya 600 ina matundu mawili hapa. Ukichungulia unaona bati linang'aa: hiyo ni betri, bapa kama biskuti, imelala chini ya filamu. Kamera yako haina betri yake yenyewe. Inakula moto wa pakiti. Hizi alizokuletea kaka yako ni za kamera mpya zinazochajiwa, ndani hamna betri. Kamera yako nzima, mwanangu. Umeinyima moto tu."

Ndivyo ilivyo. Filamu ya i-Type ilitoka mwaka 2016 kwa ajili ya kamera mpya zenye betri ya ndani, na kwa kuwa pakiti yake haina betri, bei yake iko chini. Kamera ya i-Type inakubali pakiti ya 600. Kamera ya 600 haiwezi kuendeshwa na pakiti ya i-Type. Na ipo jamii ya tatu, SX-70 ya mwaka 1972, ambayo pakiti ya 600 inaingia na kuiendesha, lakini filamu hiyo ni nyepesi mno kwa mwanga, na picha hutoka zimepauka usipoweka kichujio mbele ya lenzi. Kwa hiyo kuingia na kutoka kwa pakiti hakukuambii lolote. Soma maandishi ya kwenye boksi.

Binti akahangaika, akapata pakiti tatu za 600 Dar es Salaam, zikaletwa kwa basi. Siku nzima zilikaa kwenye buti, chini ya jua la Februari. Yeye alijali hesabu tu: kidirisha cha kamera kinaanzia 10, pakiti ni tatu, basi picha 30. Akamwahidi mama mzaa chema picha 30.

Usiku wa shughuli mambo yalianza kuonekana moja baada ya moja. Picha za kwanza zilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Filamu ya Polaroid hutaka joto la kati ya nyuzi 13 na 28. Likizidi hapo, rangi huelekea manjano na wekundu, likipungua hugeuka kibuluu na kufifia. Hizi zilikuwa zimeshapikwa njiani, na ukumbi nao ulikuwa umejaa watu na moto wa taa. Halafu picha hizi, zikitoka tu, hazitaki mwanga katika sekunde zake za mwanzo. Kamera mpya zina kifuniko laini kinachojikunjua juu ya picha na kuitia kivuli; kisanduku cha zamani hakina. Wageni nao, kwa furaha, wakazipunga hewani zikauke, na hapakuwa na chochote cha kukausha. Kemikali imefungwa kwenye ule ukingo mpana mweupe wa chini, rola za kamera huupasua na kuitandaza ndani ya karatasi iliyozibwa pande zote. Kupunga hakuongezi kitu, na kunaweza kuachanisha tabaka. Ilitakiwa kuilaza kifudifudi mezani na kuiacha dakika 10 hadi 15. Nani wa kungoja robo saa ngoma ikiwa imekolea?

Kilichomwumbua kabisa ni kile kidirisha. Kamera za 600 zilitengenezwa wakati pakiti ilikuwa na picha 10, zikahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri. Filamu ya leo ni nene zaidi, pakiti ina picha 8. Kwa hiyo kidirisha kinaposoma 2, filamu imekwisha. Binti, ambaye kwenye pakiti mbili za kwanza hakukitazama, alikuwa ameweka akiba zile "mbili" za pakiti ya mwisho kwa ajili ya bibi harusi na mama yake. Akawapanga, akawarekebisha shela, akahesabu moja, mbili, tatu, akabonyeza. Kimya.

Pakiti tatu mara nane ni 24. Aliahidi 30. "Mwanangu," mama mzaa chema akamwambia, bila hata kupandisha sauti, "wageni wangu wote umewapiga, mimi na mtoto wangu ndio umetubakizia kopo tupu?" Malipo yakarudishwa, na jina likaenda na malipo.

Ukimsikiliza mtu akisimulia kisa kama hiki, kosa huwekwa kwenye kamera kuukuu: angenunua mpya. Lakini historia ya picha za papo hapo imewaacha mikono mitupu hata walionunua mpya kabisa, dukani, kwa kampuni kubwa, na risiti mkononi.

Mwaka 1976 kampuni ya Kodak ya Marekani iliingia kwenye biashara hii, iliyokuwa imeshikwa na Polaroid tangu Edwin Land alipoanza kuuza kamera yake ya kwanza mjini Boston mwaka 1948. Nani angeogopa kununua Kodak? Jina lilikuwa kila mahali penye picha. Polaroid ikafungua kesi mwaka huo huo, ikidai hataza zake zimevunjwa. Kesi ilikwenda polepole, na watu waliendelea kununua, kamera milioni 16 hivi kwa jumla. Mwaka 1985 mahakama ikasema Kodak imevunja hataza, na Januari 1986 ikalazimika kuacha kutengeneza kamera na filamu. Filamu ya Polaroid haikuingia kwenye kamera za Kodak. Mamilioni ya mashine nzima, lenzi safi, flashi zinawaka, zikawa mapambo ya kabati kwa siku moja. Mwaka 1990 mahakama iliamuru Kodak ilipe zaidi ya dola milioni 900, lakini fidia hiyo ilikwenda kwa Polaroid. Wenye kamera walipewa vifuta jasho vya kubadilishana, na kazi waliyoinunulia kamera ikaishia hapo.

Polaroid iliyoshinda nayo haikudumu. Ilifilisika mwaka 2001, na mwaka 2008 ikatangaza kuacha filamu kabisa. Walioendelea kupiga picha wanalishukuru kundi dogo lililojiita Impossible Project, lililonunua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na kutoa filamu yake mwaka 2010. Kampuni hiyo ndiyo leo inayobeba jina la Polaroid. Hata baada ya hapo, mwaka 2019 filamu ya kamera za Spectra ilisitishwa, na wenye Spectra wakabaki nazo. Upande wa Fujifilm, filamu ya kubandua, ile iliyokuwa ikitumiwa na kamera za pasipoti za lenzi nne, ilikatwa mwaka 2016. Wahenga walishasema: shoka lisilo mpini halichanji kuni.

Basi anayetaka kununua leo aanze wapi? Aanze na filamu, kisha airudie kamera. Kamera utailipia mara moja. Filamu utailipia kila shughuli, na siku ikikosekana hakuna fundi wa kukusaidia.

Ukianzia hapo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Instax ya Fujifilm ilianza mwaka 1998, nayo ina saizi tatu zisizoingiliana. Mini hutoa karatasi ya ukubwa wa kadi ya benki, inatosha sura ya mtu mmoja au wawili. Square, ya mwaka 2017, ni ya mraba. Wide ni kama mini mbili zilizokaa bega kwa bega, na hiyo ndiyo ya kundi: mama, dada, mashangazi na bibi harusi katikati. Kupiga watu wanane kwa mini ni kuwapa nukta nane za kubishania nani ni nani. Pakiti zake zina picha 10, rangi hujitokeza ndani ya dakika moja na nusu hivi, na joto la mwambao zinalivumilia, kwani zinafanya kazi mpaka nyuzi 40. Polaroid hutoa picha kubwa zaidi ya mraba, karibu sentimita 8 kila upande, zenye rangi laini ambayo wapenzi wake hawaibadilishi kwa chochote. Inafaa mtu mwenye subira, kivuli na friji. Polaroid Go, ya mwaka 2021, ni ndogo sana na ina filamu yake peke yake.

Kisha kuna mtego wa mwisho, na kwa kazi ya yule binti ndio mbaya kuliko yote. Kamera kadhaa za kisasa za papo hapo, kama Instax mini Evo, kwa hakika ni za kidijitali: hupiga, huhifadhi ndani, halafu wewe unachagua ipi ichapwe kwenye filamu. Kwa mtalii au mwenye duka ni neema, hupotezi karatasi kwa aliyefumba macho. Kwa ukumbi wa wanawake ni kuvunja ahadi, kwa sababu nakala imebaki kwenye kadi hata kama hukukusudia. Na zile zinazochapa kwa karatasi ya Zink hazina filamu kabisa, zinatumia joto kuamsha rangi iliyomo kwenye karatasi. Muuzaji ataziita zote "za papo hapo" na hatakuwa amesema uongo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jibu haya kwa mpangilio huu. Filamu yake inaitwaje, na inauzwa wapi hapa ninapoishi? Pakiti moja ina picha ngapi? Wageni 200 ni pakiti 20 za Instax au 25 za Polaroid. Je, mteja analipa kiasi hicho? Itakaa wapi mpaka siku ya kazi, na itasafiri vipi kwenye joto hili? Kamera inapata moto kutoka wapi? Inabakiza nakala au haibakizi? Ukishayajibu, nunua pakiti moja ya ziada uimalize nyumbani kwa kuwapiga wadogo zako kabla ya kupokea malipo ya awali. Pakiti hiyo itakugharimu fedha kidogo. Binti wa Ngamiani aliibania, akalipa kwa jina lake.