Mfalme Mtoto na Amana Yake

Kwetu Bagamoyo mtu akifa na kuacha mtoto mdogo na shamba la minazi, jamaa humweka msimamizi. Mtoto huitwa mwenye shamba, wala hawezi kuangua hata nazi moja. Je, jina lile ni bure? Na tutazame habari ya mtoto aliyeachiwa nchi nzima.

Mwezi wa Agosti 1897 Waingereza walimwondoa Mwanga, Kabaka wa Buganda, wakamweka mahali pake mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja tu. Watu wazima wakampigia magoti. Kazi yake ilikuwa kuketi na kuonekana. Kazi ya kutawala ilishikwa na wasimamizi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki.

Wengine husema kumpigia magoti mtoto ni mchezo. Mimi sisemi hivyo. Mwaka 1892 Wakristo wa pande hizo mbili walipigana vita huko. Sasa wakubwa wao walikutana mbele ya kiti kimoja. Watu hawakuheshimu akili za mtoto, waliheshimu kiti kilichowaunganisha.

Lakini heshima hiyo ni amana. Mwaka 1900, mtoto akiwa na miaka mitatu, wasimamizi walitia sahihi kwa jina lake mapatano na Waingereza. Ardhi ikagawanywa; wakuu wakapata sehemu kubwa, na wasimamizi wenyewe hawakujisahau. Watu wengi wakawa wapangaji mahali walipozikwa babu zao. Mwaka 1914 Chwa alishika utawala, na mwaka 1922 wazee wa koo wakamletea malalamiko yao. Akaona kwamba wana haki, lakini mwaka 1926 serikali ya Kiingereza ikakataa kuwarudishia. Hivyo mtu mzima aliulizwa habari ya neno lililotendwa kwa jina lake, naye wakati ule hakujua hata kuandika.

Basi lawama ni ya nani? Si ya mtoto. Ni ya yule ashikaye mkono wa mtoto na kuchukua kwa mkono huo. Kuhani Yehoyada alimlinda Yoashi, akamketisha katika kiti cha enzi mwenye miaka saba, wala hakujitwalia ufalme.

Ndugu msomaji, kama umewekewa yatima, mpe jina lake na haki yake pamoja. Zihesabu nazi zake kwa uaminifu sasa, angali hajui kuhesabu. Maana atakua, naye atauliza.