Kosa Lisilo la Mkono Wake

Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu wala kuamuru mtu apigwe. Lakini huko Mwanza na Shinyanga, katika msako wa waliokuwa wakiwaua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Polisi walikuwa chini ya wizara yake. Hilo lilimtosha.

Kisa hiki husimuliwa sana Tanzania, na wasimulizi wengi hukimbilia mwisho wake: aliyeachia uwaziri ndiye aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985. Kukisoma hivyo ni kukigeuza kuwa biashara iliyolipa. Mwaka 1977 hakuna aliyeijua 1985. Alikuwapo kiongozi mmoja, na swali ambalo meneja yeyote, awe wa benki, wa hospitali au wa kiwanda cha sukari, atakutana nalo siku moja: anawajibikaje kwa kosa ambalo hakulitenda?

Dini mbili zenye waumini wengi zaidi Afrika Mashariki zinaonekana kutoa majibu yanayogongana. Kurani inarudia katika sura kadhaa kwamba nafsi haitwikwi dhambi za nafsi nyingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anawapinga waliodhani kwamba mtoto huadhibiwa kwa uovu wa baba yake. Kila mtu na lake, basi. Lakini Ezekieli huyohuyo, sura ya 34, anawakemea wachungaji wa Israeli kwa sababu ya kondoo waliotawanyika wakaliwa na wanyama wa mwitu. Nayo hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamhesabu kila mtu kuwa mchunga atakayeulizwa juu ya alichokabidhiwa, kuanzia mtawala hadi mtumishi wa nyumbani.

Mgongano unatoweka ukitazama kinachoulizwa. Mchungaji haulizwi kwa nini fisi ana meno. Anaulizwa alikuwa wapi, zizi lilifungwaje, na yule aliyekuja kumwambia kwamba uzio umebomoka alijibiwa nini. Akikutwa na hatia hapo, ni hatia yake mwenyewe. Hakuna aliyemtwisha ya fisi.

Chukua bohari ya dawa ya mkoa. Mfano wa kubuni, ila si mgeni kwa waliofanya kazi huko. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Umeme umekatika Jumamosi usiku, jenereta haikuwaka, na Jumatatu asubuhi friji imekutwa na nyuzi 19. Karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni, inayotakiwa kujazwa asubuhi na jioni, haina kitu Jumapili nzima. Mkurugenzi anapiga simu, na swali lake la kwanza ni: "Nani alikuwa zamu?"

Jina lipo kwenye ratiba ukutani. Kulitaja ni rahisi, tena si uongo. Lakini likishatajwa, uchunguzi umekwisha: kijana ataandikiwa barua ya onyo, na jenereta itabaki vilevile. Meneja anayejua dhamana yake huanzia kwingine. "Mkurugenzi, chanjo zimepata joto katika kitengo ninachokisimamia mimi. Tumezitenga, hakuna itakayotoka. Saa nane mchana nitakuletea taarifa ya ilivyotokea, na zamu ilikuwa ya nani itakuwemo." Jina halikufichwa. Limewekwa mahali pake, baada ya wagonjwa na kabla ya hukumu.

Kufikia hiyo saa nane huenda akagundua kwamba ombi la fedha za dizeli limelala wiki tatu juu ya meza yake mwenyewe, halijasainiwa. Huenda pia akagundua kwamba mtunza bohari alikwenda harusini bila ruhusa. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ugumu wa kazi ya kuongoza uko hapo. Aliyetoroka zamu aandikiwe tuhuma zake, apewe nafasi ya kujitetea, kisha nidhamu ifuate mkondo. Ombi la dizeli nalo liandikwe kwenye taarifa ileile, kwa maneno yanayoeleweka, na jina la meneja likiwa mbele yake.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Kiongozi anasimama kikaoni, anajitwisha lawama zote, anapigiwa makofi kwa ubinadamu wake, na baada ya hapo hakuna anayejua kilichotokea. Huo nao ni udanganyifu. Aliyefanya uzembe hakuguswa, na aliyeonya mapema hakusikika. Hata kujiuzulu, jambo ambalo mataifa yetu yanalihitaji zaidi ya wanavyolizoea wakubwa wake, kunaweza kutumika kukwepa maswali badala ya kuyajibu.

Kinga inayotumika kuliko zote ni "sikuambiwa." Mara nyingine ni kweli tupu. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, Marekani, walikuwa kwenye simu wakiwasihi wenzao wa NASA, shirika la anga la nchi hiyo, wasirushe chombo cha angani cha Challenger asubuhi iliyofuata. Mipira inayoziba maungio ya roketi, walisema, haifanyi kazi vizuri kwenye baridi. Roger Boisjoly alikuwa miongoni mwao. Mameneja wa kampuni waliomba muda wa kujadiliana peke yao, wakarudi na ushauri uliogeuzwa: rusheni. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwemo walikufa, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Tume ya uchunguzi wa ajali hiyo, iliyoongozwa na William Rogers, ilibaini kwamba maofisa wa juu kabisa waliotoa idhini ya kurusha hawakuwa na habari za ubishi ule wa usiku. Je, wametakasika? Haiwezekani kirahisi hivyo. Habari mbaya zilipanda ngazi hadi mahali fulani zikakwama, na ngazi ile ilijengwa na watu: kwa ratiba iliyomfanya kila anayesema "subiri" aonekane mkorofi, na kwa mazoea ya kumtaka mwenye shaka athibitishe kwamba kuna hatari, badala ya kumtaka mwenye haraka athibitishe kwamba kuna usalama. Asiyeambiwa anapaswa kujiuliza ni mara ngapi waliomwambia waliumia.

Swali hilo lilipata mtihani mara baada ya ajali. Allan McDonald, meneja wa Thiokol aliyekuwa Florida kwenye kituo cha kurushia, alikuwa amekataa kutia saini idhini ya kurusha; mkubwa wake aliisaini badala yake. McDonald alipoieleza tume ukweli wote, kampuni ilimwondoa kwenye majukumu yake. Wabunge wa Marekani waliingilia kati, na kampuni ikamrudisha, safari hii akiwa msimamizi wa kusanifu upya maungio yaleyale. Roketi zenye maungio hayo mapya zilikipeleka angani chombo cha Discovery Septemba 29, 1988, na wote watano waliokuwemo walirudi salama.