Deni la Mwimbaji

Aliyelipa kiingilio amenunua nini? Swali huonekana jepesi mpaka tuliweke mbele ya kundi la Bad Brains, la Washington, mji mkuu wa Marekani.

Vijana hawa wanne, weusi wote, walianza kwa kupiga jazi katika miaka ya 1970, kisha wakageukia roki ya panki, muziki wa kelele na ghadhabu ambao wengi waliuhesabu kuwa ni wa vijana wa Kizungu. Waliupiga kwa kasi ambayo hata wapenzi wa panki hawakuizoea, na katikati ya kasi hiyo wakaingiza rege ya taratibu. Baadhi ya kumbi za mji wao ziliwafungia milango. Wakaitungia hali hiyo wimbo, wakahamia New York.

Mwimbaji wao, Paul Hudson, ajulikanaye kama H.R., alikuwa mfano wa mtu aliyepagawa. Aliyeona filamu iliyopigwa katika ukumbi wa CBGB, New York, Desemba 1982, anajua nisemalo: anaruka, anatetemeka, na vijana wanapanda jukwaani na kujirusha juu ya wenzao. Alisifika kwa kujipindua hewani kinyumenyume, nyayo zikatua sawia na pigo la mwisho la ngoma ya nduguye, Earl. Wengi huona wazimu hapo. Mimi naona hesabu. Mtunzi anayejua taabu ya kukifikisha kina mahali pake bila kuivunja mizani hawezi kuuita wazimu mtuo kama ule. (Wako waimbaji watulivu kabisa, wenye kanzu safi, wasiojua wimbo wao unaishia wapi.)

Oktoba 2006, siku chache kabla ya ukumbi uleule kufungwa, kundi lilirudi kuimba humo. H.R. alikuwa na umri wa miaka hamsini. Wenzake walipiga kwa kasi ya zamani; yeye akaimba kwa upole, ametulia. Ndivyo alivyokuwa katika maonyesho mengi ya miaka ile, na wako waliokasirika, kwani walikwenda kumtazama yule wa 1982. Baadaye filamu juu ya maisha yake, iliyotoka 2016, ilieleza waziwazi kwamba alikuwa akiishi na maradhi ya akili.

Wenye hasira hawakukosa hoja. Nyimbo ni za watu wanne, wala si haki watatu watoke jasho na wa nne atabasamu. Tena fedha ilipokelewa. Lakini wimbo waliuimbiwa. Walichokikosa ni mwili wa kijana wa miaka ishirini na sita, na huo haumo katika tikiti. Sisemi kuwa moto ule wa awali ulikuwa ugonjwa. Hayo si yangu kuyahukumu. Nasema tu kwamba mtu tukishamjua kuwa mgonjwa, kumtaka apagawe kwa ajili yetu si mapenzi ya muziki tena. Yamkini utulivu ule ndio uliomgharimu zaidi.

Atatokea wa pwani aseme kwamba sisi hayatuhusu: katika taarabu msikilizaji huinuka kutunza baada ya neno kumgusa, basi mwimbaji hapandi jukwaani na deni. Hoja nzuri, nami naipenda. Lakini tulikuwa na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ambaye tulimshangilia katika uzee wake mkubwa akiwa na ngoma kiunoni, na kadiri alivyozidi kuzeeka ndivyo tulivyozidi kustaajabu na kutaka zaidi. Vigelegele vyetu vile vilikuwa tunzo, au vilikuwa amri?