Ngozi ya Dhabihu

Siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, baada ya sala ya Idi, mwenye uwezo huchinja kwa kumkumbuka Nabii Ibrahimu, aliyekuwa radhi kumtoa mwanawe akapewa kondoo badala yake. Mbuzi hutosha mtu mmoja. Ng'ombe, watu 7. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani, maskini hana budi kupata fungu lake. Mchinjaji halipwi ujira kwa nyama, wala ngozi haiuzwi.

Kwa nini sheria ikumbuke hata ngozi? Kwa sababu kilichotolewa si mali ya mtoaji tena. Basi tajiri achinjaye ili asifiwe ameuza ngozi, na bei yake ni sifa. Maskini atashiba nyama ile. Tajiri atakuwa amefanya biashara.