Picha ya Mtu ni Amana

Mpiga sinema aendaye ugenini huchukua kitu kisichopungua machoni. Mwenye sura hubaki na sura yake, na mwenye nyumba hubaki na nyumba yake. Je, ana deni gani basi?

Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa sinema juu ya Wainuiti wa kaskazini ya Kanada. Wawindaji wale walikwisha kuzoea bunduki, lakini katika sinema waliwinda kwa chusa, kama wazee wao. Wenyewe walijua kuwa ni mchezo. Watazamaji wa mbali walidhani ndiyo maisha yao ya kila siku.

Mfaransa Jean Rouch alifuata njia nyingine. Aliwapiga picha wawindaji wa viboko katika mto Niger, na mwaka 1954 akarudi Ayorou kuwaonyesha. Katika mawindo alikuwa ametia muziki wa kuwapa moyo. Wakamkosoa: kiboko ana masikio, asikiapo ngoma hukimbia. Rouch akauondoa.

Pengine mtu atasema kwamba apigwaye picha akipewa neno, ukweli utafichwa, maana hakuna apendaye aibu yake. Hoja hii ina uzito. Lakini wawindaji wale hawakuomba sifa, waliomba usahihi. Kumsikiliza mtu si kumtii katika kila neno, bali ni kukiri kwamba ana elimu ya maisha yake mwenyewe. Picha ni amana, na mwenye amana hana budi kuulizwa.